Nani Aingie Leba? Mjadala wa Nyanga

Mlango wa leba mama mjamzito huupita peke yake. Nje hubaki mama yake mzazi, dada yake, jirani aliyebeba beseni na chupa ya uji, na mume kama amekuja. Ndani kuna sista mmoja au wawili na kina mama ambao pengine wamezidi vitanda. Huko Ulaya na Marekani siku hizi wapo wanawake ambao kazi yao ni kukaa na mzazi tangu uchungu unapoanza mpaka mtoto anyonye. Hawapimi njia, hawakati kitovu. Wanamshika mkono, wanamsugua mgongo, wanamkumbusha kupumua, na akishindwa kusema wanamsemea. Wanaitwa doula. Wahudumu wetu wamezoea kumwita mtu huyo msindikizaji, na katika hospitali zetu nyingi msindikizaji huishia mlangoni.

Je, aruhusiwe kupita? Na akipita, ataponya nini katika maumivu ambayo hayatoki tumboni, yale ya kudharauliwa kwa sababu ya umri, umaskini, ugonjwa au kukosa mume?

Ubishi huo nimeuweka Nyanga, katika Manispaa ya Bukoba mkoani Kagera, kwa sauti nne zinazosikika kote Bukoba na Muleba. Yupo bibi aliyezalisha kijijini kwa miaka mingi. Yupo muuguzi mkunga. Yupo mwenyekiti wa mtaa. Na yupo binti aliyekulia kisiwani Bumbire, aliyezaa akiwa na miaka 17. Nimewaita kwa kazi na umri wao badala ya majina, kwa sababu kila mmoja amebeba maneno ya watu wengi.

BINTI: Mimi sikuanza kubaguliwa leba, nilianza kliniki. Siku ya kwanza niliambiwa, "Rudi na mwenzako." Mwenzangu alikuwa ameshapanda mtumbwi akaondoka, aliposikia tu nina mimba. Nikaambiwa basi, nenda serikali ya mtaa wakuandikie barua kwamba huna mume. Mwezi ukapita naiogopa ile barua. Niliporudi kliniki mimba ilikuwa kubwa.

MWENYEKITI: Barua hizo naziandika mimi, siwezi kukana. Lakini waitu, msinigeuze mbaya. Mhuri naupiga kwa sababu nimeambiwa nisaidie. Nia ilikuwa wanaume nao wapimwe.

MUUGUZI: Ni kweli. Tulitaka baba na mama wapime virusi vya Ukimwi pamoja ili mtoto asiambukizwe. Tukasema wanaokuja wawili wahudumiwe kwanza, kama motisha. Mahali pengine motisha ikageuka sharti. Sijawahi kuona sera inayosema mjamzito arudishwe nyumbani kwa kukosa mwanamume, lakini wanarudishwa.

BINTI: Sista, na wale wa foleni ya wawili wanakutazama. Hilo nalo mliliandika wapi?

Nasimama hapa kidogo, maana kwangu swali la binti huyu ndilo kiini cha mjadala wote. Ubaguzi katika uzazi mara chache huja na uso wa chuki. Huja na utaratibu uliotungwa na watu wema ofisini, ukateremka ngazi kwa ngazi mpaka ukamfikia mjane, aliyetelekezwa, aliyebakwa, na yule ambaye mumewe yuko ziwani mwezi mzima akifuata dagaa. Wote hao wanatakiwa kubeba karatasi yenye mhuri inayotangaza upungufu wao. Anayeikwepa karatasi huchelewa kupimwa damu, presha na virusi, na huchelewa dawa za malaria na za kuongeza damu. Aibu yake inahesabiwa katika mwili wake na wa mtoto.

BIBI: Mnasema kliniki, kliniki. Zamani zetu hapakuwa na mwanamke wa kuzaa peke yake. Uchungu ukianza nilikuja mimi, akaja shangazi, akaja mama mkwe. Mmoja anashika mgongo, mmoja anachemsha maji, mmoja anaongea naye. Huyo doula mnayemtoa Marekani, mimi nimemjua tangu nikiwa mwari. Mlitukataza kuzalisha, sawa, damu ikimwagika sikuwa na dawa ya kuizuia, na nilizika wanawake. Lakini mlipotukataza kuzalisha mkatukataza na kukaa naye. Hilo la pili mlitumwa na nani?

MUUGUZI: Mae, na mimi nikuulize kwa heshima. Uchungu ulipokawia, mtoto hashuki, mlimwambia nini yule mama?

BIBI: ...Tulimwambia ataje.

MUUGUZI: Ataje nini?

BIBI: Ataje wanaume. Tuliamini mtoto anakwama kwa sababu mama alitembea nje. Akitaja, njia inafunguka. Wengine walitaja wasiowajua, ili tu wapumzike.

MUUGUZI: Na aliyechanganyikiwa baada ya kuzaa, akawa anaongea peke yake na kumkimbia mtoto, ilikuwa vivyo hivyo. Waganda wanauita ugonjwa huo amakiro, wanasema umempata kwa uzinzi. Basi mama mgonjwa wa akili anakosa matibabu na jina lake linaharibiwa papo hapo. Ndiyo maana nasema tusijidanganye kwamba ndugu akiingia leba upendo umeingia. Wakati mwingine ndugu ndiye hakimu.

Jibu hilo halikuwa la kumkomoa bibi. Kina mama wa Kagera wamehukumiwa na pande zote mbili, na hospitali na nyumbani, na mkoa wenyewe ukahukumiwa na nchi nzima. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Kabla jina Ukimwi halijazoeleka, watu wa huku waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la vitambaa vya magendo vilivyokuwa vikivuka mpaka wa Uganda. Kwa miaka mingi, mtu kusema anatoka Bukoba kulitosha watu wasogeze viti. Mwanamke wa Kihaya aliyekwenda kujifungua mkoa mwingine alitazamwa mara mbili.

BIBI: Miaka ile walioambukizwa walizaa na watu wamesimama mbali. Mtoto alipokelewa na mkeka. Mimi mwenyewe niliogopa, sikuwa na glavu wala sikujua glavu ni nini.

MUUGUZI: Leo dawa zipo, na mama anayezimeza vizuri anazaa mtoto asiye na virusi. Na sisi wahudumu tumebadilika zaidi ya tunavyosemwa. Upo utafiti uliofanyika Dar es Salaam, ukachapishwa mwaka 2014, uliowauliza kina mama kama walidhalilishwa wakati wa kujifungua. Wenye virusi hawakuonekana kudhalilishwa zaidi ya wasio na virusi. Tuseme na hayo.

BINTI: Yaani wote mlitutukana sawasawa?

MUUGUZI: Mwanangu... katika utafiti ule, ndiyo, wapo waliotukanwa pande zote mbili.

Yupo mtu atakayedhani binti amekosa adabu. Mimi naona amesoma takwimu vizuri kuliko wengi. Huko Tanga, katika wilaya za Korogwe na Muheza, watafiti waliwauliza akina mama wakiwa wanaondoka hospitali kama walidharauliwa, walipigwa, walipigiwa kelele au waliachwa bila msaada. Asilimia 19 walisema ndiyo. Baadhi yao walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, waliosema ndiyo walifika asilimia 28. Mtu akiwa bado ndani ya geti la hospitali, mtoto mikononi, hasemi yote, maana kesho atarudi kwa chanjo na atamkuta sista yuleyule.

Na maneno yenyewe kila mama wa Tanzania anayajua. "Wakati unaitafuta ulilia?" "Panda kitandani, usinichafulie." Binti wa miaka 17 huambiwa mengine ya kwake, kwamba angekuwa darasani. Mpaka Novemba 2021, serikali ilipotangaza kuwaruhusu kurudi, msichana aliyejifungua hakuwa na nafasi tena katika shule ya serikali. Aliyekuwa akimtukana leba alikuwa anamkumbusha hukumu ambayo nchi ilishaitoa.

MWENYEKITI: Sasa tuje kwenye hoja. Huyu msindikizaji ataleta glavu? Huduma ya mjamzito inatangazwa ni bure, lakini mama wa Nyanga anakwenda na beseni, pamba, wembe, glavu, mpira wa kulalia, nyuzi za kufungia kitovu. Asiye navyo ndiye anayefokewa. Wa kisiwani analipa kwanza mtumbwi. Kisiwa cha Goziba kiko katikati ya ziwa. Upepo ukivuma mtumbwi hauondoki, hata awe na uchungu namna gani. Mimi naona ubaguzi mkubwa ni wa fedha na umbali. Doula ni pambo.

MUUGUZI: Umbali umepungua kidogo, Mwenyekiti. Sasa kuna mpango wa m-mama, unapiga 115 bila malipo na mama mwenye dharura anatafutiwa usafiri. Vifo navyo vimeshuka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulihesabu vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukahesabu 104. Wanaojifungulia kituoni walikuwa asilimia 63, wakafika 81.

MWENYEKITI: Kwa hiyo tunafika.

BINTI: Tunafika. Tukishafika ndiyo nataka mtu.

Hapo ndipo nilipo na mimi. Miaka 20 iliyopita hoja kubwa ilikuwa kumfikisha mama kituoni, na kazi hiyo imefanyika kwa jasho la wengi. Sasa wamefika, wanane katika kila kumi. Serikali imewavuta kutoka kwenye mikono ya bibi na shangazi ikawaahidi mikono iliyo salama zaidi. Ahadi hiyo haiwezi kuishia kwenye sindano ya kuzuia damu peke yake.

Kuhusu pambo, Mwenyekiti ana haki ya kuuliza, na jibu lipo. Mwaka 1980 madaktari walichapisha matokeo kutoka hospitali moja ya Guatemala, iliyojaa kama zetu, ambako mama alizaa bila ndugu. Baadhi ya kina mama walipewa mwanamke wa kukaa nao. Hakuwa ndugu, hakuwa muuguzi, hawakuwa wanajuana. Alikaa tu, akaongea nao, akawashika. Kwa wale ambao uzazi wao haukuwa na matatizo, waliokuwa na mwenza walijifungua kwa wastani wa chini ya saa 9 tangu kupokelewa. Waliokuwa peke yao walichukua zaidi ya saa 19. Watu hawakuamini, wakarudia kwingine. Mwaka 2017 zilikusanywa tafiti 26 kutoka nchi 17, zenye wanawake zaidi ya 15,000, na picha ikabaki ileile: mama mwenye mtu wa kukaa naye muda wote uwezekano wake wa kupasuliwa unapungua, uchungu wake unakuwa mfupi, na uwezekano wa mtoto wake kuzaliwa amelegea unapungua pia. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaandika kwamba kila mwanamke awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe, tangu mwanzo wa uchungu mpaka mwisho.

Hofu ina kazi yake mwilini. Mama aliyeogopeshwa hubana misuli na pumzi, na uchungu unaweza kulegea au kukawia. Anayefokewa hanyanyui mkono kusema anaona ukungu machoni, ambayo ni dalili ya kifafa cha mimba, wala hasemi kwamba damu inamwagika chini ya kitenge. Kumdharau mzazi ni jambo la kitabibu kama presha ilivyo jambo la kitabibu.

MUUGUZI: Hayo nayakubali. Sasa nisikilizeni, maana nyie mnaingia leba mara moja moja, mimi ninaamkia humo. Kwanza, vitanda vimepangwa mfululizo bila pazia. Mume wa mmoja akiingia, anamwona mke wa mwenzake uchi. Pili, mizizi. Bibi anajua. Ndugu anaingia na kichupa kwenye khanga, dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu, anamnywesha nikigeuka. Kizazi kinapasuka. Nimeyaona. Tatu, na hili ndilo linaninyima usingizi, siri. Mama anayetumia dawa za virusi hajamwambia mama mkwe. Mama mkwe yuko pembeni yake. Mtoto anazaliwa, mimi natakiwa kumpa dawa ya matone. Nimpe vipi?

BIBI: Mama mkwe atauliza.

MUUGUZI: Atauliza, na jioni kibanja kizima kitajua. Nitakuwa nimemwokoa mtoto nikamfukuzisha mama.

BINTI: Lakini sista, mama mkwe nilimchagua nani? Mimi ukiniuliza nani aingie, sisemi mama mkwe, sisemi hata mama yangu, alikuwa amenikasirikia. Nilimtaka yule dada wa jirani aliyenipeleka kliniki. Yeye alikuwa anajua kila kitu changu.

Muuguzi alinyamaza, na ilimstahili kunyamaza. Neno "aliyemchagua mwenyewe" katika mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 ndilo lenye uzito wote. Msindikizaji akiteuliwa na mume, na ukoo au na hospitali, anaweza kuwa askari mwingine. Akichaguliwa na mama mwenyewe, faraghani, siku ya kliniki, siri ina mlinzi. Na mama akisema hataki mtu, pia aheshimiwe. Mizizi nayo ina dawa: anayeteuliwa aitwe kliniki mapema, aambiwe kwa nini kichupa kile kinaua, aambiwe kazi yake ni ipi na mipaka yake ni ipi. Kina bibi wa Kagera wakielezwa kwa adabu wanaelewa. Huyu wa kwetu ameeleza mwenyewe habari ya damu bila kulazimishwa.

MWENYEKITI: Huko Marekani wenye fedha wanao hao doula. Wanapona wote?

Hawaponi wote, na hapo kuna funzo kwetu. Takwimu za serikali yao za mwaka 2021 zinaonyesha vifo 69.9 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000 kwa wanawake weusi, na 26.6 kwa weupe, katika nchi hiyohiyo yenye mashine zilezile. Serena Williams, bingwa wa tenisi anayejulikana dunia nzima, alijifungua mwaka 2017 na baadaye akaeleza jinsi alivyolazimika kusisitiza kwamba damu inamganda mapafuni, wakati muuguzi akidhani dawa za maumivu zimemchanganya. Alikuwa anasema kweli. Ikiwa mtu wa jina lile alilazimika kubishana ili aaminiwe, binti wa Bumbire ataaminiwa na nani akiwa peke yake? Wanawake weusi wa kule wamewapigania doula kwa sababu hiyo hasa, wawe na mtu wa pili wa kusema, "Msikilizeni, huyu anaumwa."

BIBI: Shahidi.

MUUGUZI: Hilo ndilo wenzangu wanaliogopa, nisifiche. Wanasema msindikizaji ataturekodi kwa simu.

BIBI: Mwanangu, mimi nimezalisha watu wakinitazama maisha yangu yote. Anayefanya vizuri hutamani atazamwe.

Kuna jambo moja la Muleba ambalo katika mjadala huu haliwezi kurukwa. Usiku wa tarehe 30 Mei 2024, katika kijiji cha Mulamula, mtoto mwenye ualbino aliyekuwa na miaka 2 na nusu alinyakuliwa kwao. Zaidi ya wiki mbili baadaye mwili wake ulipatikana ukiwa umekatwa viungo. Nchi ililia, kisha ikaendelea na kazi zake. Mimi huwafikiria kina mama waliojifungua watoto wa namna hiyo katika wilaya hii baada ya siku ile. Mtoto anatoka, chumba kinanyamaza. Maneno ya kwanza atakayosikia mama huyo yatakaa naye miaka yote, na mengi huwa ni maswali: umezaa na nani, ukoo wenu mna nini. Baba akisikia, anaweza kuondoka siku hiyohiyo.

MUUGUZI: Nimewahi kuona mwenzangu akimfunika mtoto haraka kana kwamba ni aibu.

BINTI: Angekuwepo mtu wa kusema, "Hongera, mtoto mzuri."

MUUGUZI: Na wa kumwambia kwamba ualbino unarithiwa kwa baba na mama wote wawili. Hilo ni letu sisi wauguzi, tusimwachie msindikizaji. Lakini akiwepo, mama hatalibeba peke yake mpaka nyumbani.

MWENYEKITI: Nyie mnanitoa kwenye hoja yangu ya fedha. Muuguzi mmoja kwa wazazi wengi, usiku kucha, mshahara uleule. Mkimwambia awe mpole mnamwonea.

MUUGUZI: Asante, Mwenyekiti. Ninapokuwa peke yangu na watatu wanasukuma kwa wakati mmoja, mdomo wangu unakuwa mkali kabla sijajua. Sijitetei. Nasema tu, mtu wa kumfuta jasho yule wa pili wakati niko kwa wa kwanza angenisaidia na mimi.

Nampa Mwenyekiti haki yake: msindikizaji hawezi kuwa mbadala wa wauguzi wasioajiriwa, na halmashauri ikimtumia kama sababu ya kutoajiri itakuwa imewadhulumu wote wawili. Glavu ni wajibu wa serikali, si wa beseni la mama. Lakini siungani naye kusubiri mpaka fedha zipatikane. Pazia ni kitambaa na waya. Kiti cha plastiki kinapatikana sokoni Bukoba. Kuacha kuomba barua ya mhuri hakugharimu hata shilingi.

MWENYEKITI: Ile barua... wakisema sista hawaitaki, mimi sitaiandika tena.

MUUGUZI: Mimi siitaki.

BINTI: Basi iandikeni hiyo ukutani kliniki, ili na wa Goziba aione.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii, na naielekeza kwa waganga wakuu wa Manispaa ya Bukoba na wilaya za Bukoba na Muleba, na kwa hospitali za mashirika ya dini zilizozalisha watu wa mkoa huu kwa vizazi. Ondoeni sharti la mume na barua. Kila mjamzito aulizwe kliniki, akiwa peke yake, anamtaka nani leba, na jina hilo liheshimiwe siku ya siku. Msianze na wodi za kulipia, maana msindikizaji akiwa wa wenye fedha tu tutakuwa tumeongeza ubaguzi mwingine juu ya ule wa zamani. Anzeni na anayekuja bila beseni. Asitokee wa kusema kwamba jambo hili haliwezekani katika vituo vya serikali. Kati ya mwaka 2016 na 2018 shirika la Thamini Uhai lililifanya pamoja na serikali katika vituo vya umma, na zaidi ya wanawake 8 katika kila 10 waliojifungua humo walikuwa na msindikizaji. Vituo hivyo viko Kigoma, mkoa unaopakana na Kagera.